Tairi la baridi si tairi la barafu

Chukua tairi lolote la baiskeli linalouzwa kama tairi la majira ya baridi huku Ulaya, lizungushe, soma ubavuni, kisha soma boksi lake. Utakuta mchoro wa chembe ya theluji. Utakuta ahadi kwamba mpira wake hubaki laini kwenye baridi. Pengine utakuta na namba ya ulinzi dhidi ya pancha, kwenye mizani ambayo kampuni imejitungia yenyewe na kujipimia yenyewe. Kitu ambacho mara nyingi hutakikuta ni jibu la swali la mtu anayetoka bwenini saa mbili asubuhi, giza bado, kwenda darasani: nikikanyaga barafu, hili litanishika au litanitupa?

Leo sina kitabu wala filamu ya kuhakiki. Nahakiki neno. Neno lenyewe ni "tairi la baridi", pamoja na ndugu yake "tairi la mazoezi ya ndani", jinsi yanavyotumika kwenye maboksi, kwenye miongozo ya wanunuzi na midomoni mwetu sisi tunaojifanya tunajua. Najua wengi mnaotusoma mko Dar, Nairobi au Bujumbura, na barafu mnayoijua ni ya kwenye friji. Lakini kila mwaka kuna wenzetu wanaopata udhamini wa masomo huku kaskazini, na ndani ya wiki mbili wanagundua kuwa nauli ya basi inakula posho, wananunua baiskeli ya mtumba. Halafu Novemba inafika.

Mimi nipo Oulu, Ufini, kama kilomita 170 kusini mwa Mzingo wa Aktiki. Ni jiji la baiskeli kwelikweli; mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uendeshaji baiskeli wakati wa baridi ulifanyika hapa mwaka 2013. Watoto wa shule ya msingi wanakupita kwenye theluji huku wamening'iniza mkoba begani, wewe unatetemeka. Usidanganyike na wao. Wao wamezaliwa nayo.

Mwaka juzi dada mmoja tunayesoma naye, mtu wa Mwanza, alinunua baiskeli ya mtumba pamoja na stendi ya mazoezi, ile unayofunga gurudumu la nyuma likasukuma rola ya chuma ukafanya mazoezi chumbani. Mbele akaweka tairi jipya lenye chembe ya theluji. Nyuma lilikuja tairi jeusi, kipara, gumu. Akaniuliza, "Kaka, hili nalo linafaa kutokea nje?" Mimi, mwenye shahada ya uzamili ya sayansi ya polima, nikalibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua embe sokoni, nikamwambia: gumu hivi litadumu sana. Siku tatu baadaye mvua ikanyesha usiku, alfajiri joto likashuka nyuzi moja chini ya sifuri. Kona ya kwanza baada ya daraja, chini. Mfupa wa mtulinga umevunjika. Mpaka leo hajui ni tairi lipi lilianza kuteleza, la mbele au la nyuma, na kwa hesabu nitakayokuonyesha, wala haijalishi.

Jioni ile, nikiwa na kurunzi ya simu, nilisoma ubavu wa lile tairi jeusi. Kwa herufi ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, nyeusi juu ya nyeusi, limeandikwa kuwa si la kutumika barabarani.

Twende kwenye mpira wenyewe. Umewahi kutafuna bablishi halafu ukanywa maji ya baridi? Inakuwa gumu ghafla, meno yanashangaa. Subiri kidogo, inalainika tena. Mpira wa tairi ni jamaa yake wa karibu. Ni minyororo mirefu ya molekuli inayojinyonganyonga, na joto ndilo linaloipa nguvu ya kucheza. Ukiipoza mno, minyororo inaganda mahali ilipo na mpira unakuwa kama kioo. Kwa mpira asilia hali hiyo hufika karibu na nyuzi 70 chini ya sifuri. Kwa mpira wa kutengenezwa unaotumika sana kwenye matairi, karibu na nyuzi 50 chini ya sifuri.

Utasema: basi tatizo liko wapi, Oulu haifiki hasi 50? Rudi kwenye bablishi. Ivute polepole, inarefuka kama uzi. Ivute kwa kasi, inakatika. Kitu kilekile, joto lilelile, tofauti ni mwendo. Tairi likipita juu ya vijiwe vidogo vya lami, mpira unabonyezwa na kuachiwa maelfu ya mara kwa sekunde na hata zaidi. Kwa mwendo huo minyororo haipati muda wa kucheza, kwa hiyo mpira unajifanya mgumu mapema sana, kwenye baridi ya kawaida ambayo ukiubonyeza kwa kidole bado unauona laini. Ndiyo maana kidole changu gumba kilinidanganya. Kidole ni kipimo cha polepole.

Kwa hiyo boksi halisemi uongo. Mpira wenye mchanganyiko wa baridi, mara nyingi ukiwa na silika ndani yake, na wenye vipasuo vyembamba kama vilivyochanjwa kwa wembe, kweli hushika vizuri zaidi kwenye lami ya baridi iliyoloa na kwenye theluji iliyoshindiliwa. Continental ya Ujerumani imekuwa ikiuza tairi la namna hii, Top Contact Winter, lisilo na msumari hata mmoja. Schwalbe, nao Wajerumani, wana Marathon Winter Plus, lenye misumari zaidi ya mia moja. Vitu viwili vyenye kazi tofauti kabisa. Majina yote mawili yanasema "baridi". Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia, maana baridi ni hali ya hewa na barafu ni sakafu.

Na barafu ina tabia ambayo watu wengi wanaielewa kinyume. Pengine shuleni uliambiwa barafu inateleza kwa sababu uzito unaiyeyusha. Piga hesabu. Kila kanieneo ya hewa moja unayoongeza hushusha joto la kuyeyuka la barafu kwa takriban nyuzi 0.007. Tairi lenye presha ya 4 linashusha nyuzi 0.03. Hakuna kitu hapo. Michael Faraday alipendekeza mwaka 1850 kuwa uso wa barafu una ngozi nyembamba ya maji hata kabla haujaugusa, na wazo hilo limekuja kuonekana kuwa sahihi: molekuli za juu hazina wenzao wa kuzishika kwa upande wa hewani, kwa hiyo zimelegea. Ongeza na joto la msuguano wenyewe, jambo ambalo Bowden na Hughes walilionyesha mwaka 1939. Ngozi hiyo hunenepa kadiri unavyokaribia sifuri, na hukonda baridi ikizidi.

Maana yake kwa mpanda baiskeli ni hii: kwa tairi la mpira, barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri inashika vizuri kuliko barafu ya nyuzi 1 chini ya sifuri. Januari ya Oulu, inayotisha kwenye picha unazotumiwa na ndugu, mara nyingi ni salama kuliko Novemba na Machi, miezi ya kuyeyuka mchana na kuganda usiku. Tairi la chembe ya theluji linakuahidi ulinzi kadiri kipimajoto kinavyoshuka. Hatari yenyewe iko pale kipimajoto kinapogusa sifuri.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Kwenye lami kavu, tairi linaweza kukushikilia kwa nguvu ya karibu saba ya kumi ya uzito wako, hata zaidi. Kwenye barafu iliyoloa, mpira mtupu hubaki na moja ya kumi, mara nyingine chini ya hapo. Unaenda kilomita 18 kwa saa, mwendo wa kawaida tu. Ukifunga breki kwenye lami kavu unasimama ndani ya mita 2. Kwenye barafu iliyoloa unahitaji karibu mita 13. Kona ndiyo mbaya zaidi. Kona ya kuingia njia ya chuo, yenye nusu kipenyo cha mita 5, inadai nguvu ya nusu ya uzito wako kwa mwendo huohuo. Lami inayo. Barafu inakupa moja ya kumi, inayotosha kwa kilomita 8 tu kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia pole. Dada alikuwa anaenda karibu mara mbili ya hapo. Ungeongeza ulaini wa mpira kwa theluthi nzima, akapata 0.13 badala ya 0.1, bado angeanguka.

Kinachobadilisha hesabu ni msumari. Ncha yake ni ya tangsteni kabaidi, karibu 9 kwenye mizani ya ugumu ya Mohs, wakati barafu iliyo karibu na sifuri iko kama 1.5. Msumari hauangalii ngozi ya maji. Unaitoboa na kuchimba. Si uchawi, na kwenye lami kavu unapiga kelele kama mtu anayekaanga bisi, tena unakupunguzia mwendo. Unahitaji pia kuzoezwa: makumi ya kilomita za kwanza upande taratibu kwenye lami, bila breki za ghafla, misumari ikae sawasawa kwenye vitundu vyake. Watengenezaji wanalisema hili, ila wauzaji wa mitumba sijawahi kuwasikia. Na hesabu safu. Tairi lenye safu mbili linakusaidia ukienda wima. Lenye safu nne linakusaidia hata unapoinama kwenye kona, na kona ndiko tunakoangukia.

Kuhusu mifereji ya maji nitapita haraka. Boksi likikwambia kashata zake zinafukuza maji ili baiskeli isielee juu ya dimbwi, cheka tu. Mwaka 1963 Horne na Dreher wa NASA walichapisha kanuni ya matairi ya ndege: mwendo wa kuanza kuelea hutegemea kipeuo cha pili cha presha. Weka presha ya baiskeli, kama 4, unapata karibu kilomita 127 kwa saa. Ukifika huko kwa baiskeli, dimbwi ndilo tatizo lako dogo kuliko yote.

Wenye magari wamelitatua suala hili la maneno, na hilo linaniudhi kidogo. Kwa gari, mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji hauwekwi kwa kupenda. Tairi lazima lifaulu jaribio la theluji likilinganishwa na tairi la rejea. Na lebo ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2021 ina alama mbili tofauti, moja ya theluji na nyingine ya barafu, kwa sababu waliona ni mambo mawili. Baiskeli haimo kwenye lebo hiyo. Mtu mwenye magurudumu mawili, asiye na mkanda wala bodi ya chuma inayomzunguka, ndiye anayeachiwa chembe ya theluji ya mapambo.

Jambo moja zaidi la nje, ambalo miongozo hulitaja kwa sentensi moja na lingestahili aya. Ukijaza upepo chumbani kwenye nyuzi 20, ukasoma 4 kwenye kipimo, halafu ukatoka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, hewa inasinyaa. Kumbuka kipimo hakihesabu kanieneo ya nje, kwa hiyo ndani kuna 5 kamili. Zidisha kwa 258, gawa kwa 293, unapata 4.4; toa 1 ya nje, umebaki na 3.4. Hakuna pancha, hakuna mwizi wa upepo, ni fizikia ya kidato cha tatu. Kwa barabara ya theluji kupungua huko si kubaya, tairi linatanuka na kushika eneo kubwa. Ila usije ukaongeza pampu huko nje mpaka 4, ukalirudisha ndani ukalifunga kwenye stendi: hapo utakuwa unapanda juu ya 4.7.

Ndani, sasa. Huku ndiko nilikokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wanadhani chumbani ni mahali pa raha kwa tairi. Hakuna mawe, hakuna chumvi, hakuna baridi. Kwa kweli ni mateso. Barabarani tairi linakaa juu ya kitu bapa. Kwenye stendi linakaa juu ya rola yenye nusu kipenyo cha sentimita chache tu, pengine moja na nusu, huku gurudumu lenyewe likiwa na sentimita 34. Tofauti hiyo inaufanya mguso uwe mfupi na wa kina. Rola inazama kwenye mpira kama kidole kwenye unga uliokandwa. Kila mzunguko mpira unabonyezwa ndani na kurudi, na kila safari hiyo sehemu ya nishati yako haitoki tena, inabaki kama joto. Na hakuna upepo wa kulipoza, baiskeli imesimama palepale. Shika tairi baada ya nusu saa, utaelewa.

Tairi la baridi ndilo baya kuliko yote kwa kazi hii, kwa sababu sifa yake yenyewe inageuka dosari. Mpira unaoshika vizuri ni mpira unaopoteza nishati unapobonyezwa. Kushika na kupoteza ni ndugu wa tumbo moja. Ukiuweka kwenye rola unachemka, unamomonyoka, unaacha vumbi jeusi sakafuni na harufu ambayo jirani ataileta mlangoni kwako. Lenye misumari usilifikirie hata kidogo, labda kama unachukia rola yako.

Kwa hiyo wakatengeneza tairi la stendi: mpira mgumu, usiopoteza nishati nyingi, unaovumilia joto, bila kashata. Kwa kazi yake ni tairi zuri, nalisema bila kinyongo. Lakini angalia limetengenezwaje: kila kilichopunguza joto kimepunguza mshiko. Ni tairi lililojengwa kwa makusudi kutoshika lami iliyoloa, kwa sababu halikutarajiwa kuiona. Wapo watengenezaji waliolifanya rangi ya buluu au nyekundu, na nadhani hiyo ndiyo lebo bora kuliko zote nilizoziona kwenye biashara hii nzima. Haihitaji kusomwa. Inavuka lugha. Inabaki hata boksi likitupwa na baiskeli ikipita mikono mitatu ya wanafunzi. Aliyelifanya jeusi na kuandika onyo jeusi juu ya jeusi alimtazama mnunuzi wa kwanza tu, mwenye boksi na risiti. Hakumwaza wa nne.

Mtauliza kama ni lazima kulinunua. Si lazima. Tairi la kawaida la barabarani, kuukuu, lililokwisha kashata, linafanya kazi hiyo vizuri kabisa mpaka lichanike, ilimradi ulifunge vizuri lisiteleze kwenye rola. Wenye fedha wana stendi zinazoondoa gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo unaendesha mashine moja kwa moja, na mjadala wote huu unakuwa hauwahusu. Posho ya mwanafunzi huwa haifiki huko.

Nisichokikubali ni ushauri unaorudiwa sana wa kutafuta tairi moja la katikati, la kutokea nje na kufanyia mazoezi ndani. Kwa nchi isiyo na barafu, sawa. Hapa tairi la katikati ni tairi lisilofaa mahali pawili. Bora gurudumu la pili la nyuma, la mtumba, lenye giya zake, ubadilishe gurudumu zima kwa dakika mbili badala ya kuhangaika na vibanulio vya tairi vidole vikiwa vimekufa ganzi. Na kama fedha inatosha tairi moja tu la misumari, liende mbele. La nyuma likiteleza una nafasi ya kuweka mguu chini; la mbele likiteleza umeshafika chini. Tena stendi haigusi gurudumu la mbele, kwa hiyo hilo unaliacha palepale tangu Oktoba hadi Aprili.

Ndivyo tulivyoipanga baiskeli ya dada mfupa ulipounga. Mbele misumari, safu nne. Nyuma magurudumu mawili, moja la misumari la kwendea chuo, jingine la stendi. Lile tairi jeusi hakulitupa, anasema limemgharimu sana kulitupa. Liko kwenye gurudumu la stendi, na ubavu wake wote, pande zote mbili, ameupaka rangi ya kucha nyekundu. Chupa mbili ziliisha.